Moto mmoja, shamba moja: huku kumechipua, kule kumebaki jivu jeupe. Nilime au ningoje?

#1 Mkulima_Bweyale

Wakuu, habari za humu. Naomba mawazo yenu, hasa watu wa misitu na wa mifugo.

Nina kipande cha ardhi nje kidogo ya Bweyale, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Mwishoni mwa Februari moto ulivuka kutoka upande wa jirani saa nane mchana, upepo mkali, ukapita kwangu kwa muda mfupi sana. Sasa mvua za kwanza zimeshanyesha na ninachokiona kinanichanganya. Sehemu ya nyasi ndefu, ambako miali ilipanda kuzidi kichwa cha mtu, kumeshakuwa kijani. Lakini kule bondeni tulikokuwa tumekata miti na kulundika magogo na matawi, moto haukupanda. Ulikaa ukifuka usiku na mchana hadi magogo yakaisha. Huko hakuna kitu. Jivu jeupe, na ukilifukua unakuta udongo mwekundu kama tofali.

Bwana shamba aliyepita anasema nipige jembe kote nipande mahindi, mvua isinipite. Mzee jirani anasema niache, miti itarudi yenyewe. Kuna miti ya yaa pia, ile ya mafuta ya shea, na mke wangu hataki hata mmoja uguswe.

Inakuwaje moto mkubwa uache uhai na moto mdogo uue? Na nilime au ningoje?

#2 Kijana_wa_Arua

Nimekaa hapa nasubiri wataalamu. Kahawa iko jikoni.

#3 Mzee_Kitalu (Masindi)

Pole kwa moto, mwanangu. Usilime kwanza. Chukua jembe, lakini la kuchimbia mashimo machache tu, nitakueleza kwa nini.

Watu wengi huupima moto kwa macho: miali mirefu, moto mbaya. Urefu wa miali unakuonyesha nguvu ya moto, yaani joto linalotoka mbele yake wakati moto unasonga. Ukali ni jambo jingine. Ukali ni kile moto ulichoifanyia mimea na udongo, nao unategemea zaidi moto ulikaa mahali pamoja kwa muda gani na ulikuwa unakula nini.

Moto wa nyasi zilizosimama unapita mahali pamoja kwa sekunde tu, na sehemu kubwa ya joto lake inakwenda juu. Udongo nao haupitishi joto haraka. Ukishuka sentimita mbili chini ya moto wa namna hiyo, mara nyingi joto limeongezeka nyuzi chache tu. Chembe hai za mmea hufa zikifikia nyuzi 60 hivi kwa dakika moja. Kwa hiyo juu kunaungua majani, chini kitako cha nyasi, mizizi na mbegu hata hazijashtuka. Ndiyo maana huko juu kwako kumekuwa kijani mara tu mvua iliponyesha.

Gogo lililolala ni habari nyingine. Linawaka polepole, na joto linapata saa nyingi za kushuka. Maji yaliyo udongoni hulizuia kwa muda: udongo ukiwa na unyevu hauvuki nyuzi 100 mpaka maji yote yapae. Yakishapaa, hakuna kinachozuia tena. Kuanzia nyuzi 200 hivi mboji inaanza kuungua na nitrojeni inapotea hewani. Ukikaribia 450 mboji imekwisha kabisa. Wekundu unaouona ni chuma kilichomo udongoni kimebadilika kwa joto kali. Jivu jeusi maana yake mkaa umebaki, moto haukumaliza. Jivu jeupe maana yake umemaliza.

Sasa mbegu. Zilizo nyingi zimelala kwenye sentimita chache za juu, na mbegu ndogo haina akiba ya kuisukuma shina kutoka chini sana. Moto ukipika sentimita tatu za juu, mbegu ndogo zilizokuwa hapo zimekufa, na zile za chini zaidi ziko hai lakini haziwezi kutoka. Zinazobaki na nafasi ni mbegu kubwa kubwa. Hapo ndipo uoto unapobadilika sura: kulikuwa na majani na maua ya aina nyingi, kunarudi akasia na vichaka vya jamii ya kunde.

Chimba mashimo pande zote mbili, kina cha kiganja hadi kifundo cha mkono. Tafuta mizizi, ikate kwa kisu. Ikiwa nyeupe na ina maji, iko hai. Ikiwa ya kahawia na inavunjika, basi. Halafu rudi utuambie.

#4 Odong_Nwoya

Mzee umesema kweli tupu. Sisi huku Acholi wazee walikuwa wanachoma Novemba kuelekea Desemba, nyasi bado zina ubichi shinani. Moto unaruka ruka, unaacha viraka, jioni umejifia wenyewe. Hata watu wa hifadhi ya Murchison huchoma vipande mapema kwa sababu hiyohiyo. Siku hizi mtu anawasha Februari ili apate panya wa kitoweo, nyasi zimekauka hadi kitako, upepo unavuma, halafu anashangaa kijiji kimeungua.

#5 Afande_Mstaafu (Bombo)

Odong, usisahau kwamba kuchoma nyasi bila kibali ni kosa. Kuna sheria ya 1974. Hata huo moto wa mapema unatakiwa kuombewa ruhusa.

#6 Odong_Nwoya

Sawa afande, kibali kiombwe. Lakini panya hawaombi.

#7 Mzee_Kitalu (Masindi)

Hilo la mapema na kuchelewa limepimwa muda mrefu. Kule Olokemeji, Nigeria, walianza mwaka 1929: kipande kimoja kinachomwa mapema, kimoja kinachomwa mwisho wa kiangazi, kimoja hakichomwi kabisa. Kilichozuiliwa moto kikaenda kuwa msitu. Kilichochomwa kwa kuchelewa kikabaki nyasi na miti michache yenye magome manene. Kile cha mapema kikakaa katikati, miti ikizidi. Zambia kule Ndola nao walianza majaribio ya aina hiyo mwaka 1933, sura ikawa ileile.

Na hapa kwetu, watafiti Buechner na Dawkins waliandika mwaka 1961 kuhusu Murchison: tembo wanabandua magome, moto unakuja kuingia kwenye kidonda, mti mkubwa unakufa. Mti huohuo wenye gome lake zima ungeupita moto bila shida. Kwa hiyo ukitaka kujua moto utafanya nini, uliza pia mti ulikuwa na hali gani kabla haujaungua.

#8 Mwanafunzi_Nyabyeya

Shikamoo mzee. Naongeza upande wa mbegu, maana ndio ninaousoma.

Kuna mbegu ambazo moto wa wastani unazisaidia. Akasia, na jamaa zake wengi wa kunde, wana ganda gumu lisilopitisha maji. Mbegu inaweza kukaa udongoni miaka, mvua inakuja na kuondoka, haioti. Kwenye ganda hilo, karibu na kovu la pale ilipokuwa imeshikamana na tunda, kuna sehemu ndogo dhaifu. Ikipata joto inaachia, maji yanaingia, mbegu inaamka. Kwa akasia nyingi nyuzi 80 hadi 100 kwa dakika chache zinatosha. Ukizidisha hadi 120 na kuendelea kwa muda huohuo, kiini kinakufa.

Kila mwenye kitalu anaigiza moto huo bila kufikiria. Unachemsha maji, unaepua, unamwaga mbegu za akasia au kaliandra ndani, unaziacha zipoe humo hadi kesho yake. Asubuhi ukizimimina kwenye sahani unaziona kabisa: zilizokubali zimevimba, zimelainika, ukizibinya zinabonyea. Zilizokataa ziko vilevile, ndogo na ngumu, zinagonga sahani kwa sauti. Hizo unazirudishia maji ya moto. Zenye kitundu kidogo cha duara tupa, mdudu ameshakula kiini.

Ndiyo maana moto mmoja unaweza kutoa matokeo matatu ndani ya hatua chache. Pale ulipopoa sana, mbegu ngumu zimeendelea kulala. Pale uliposhika kiasi, zimeota kwa wingi. Pale penye gogo, zimekufa.

Kuna jambo la unyevu pia ambalo huwa linabishaniwa darasani. Udongo mbichi unachelewa kupata joto, sawa. Lakini mbegu laini iliyokwisha kunywa maji inakufa kwa joto dogo kuliko mbegu kavu. Kwa hiyo moto wa baada ya manyunyu ya kwanza unaweza kuua mbegu ambazo moto wa kiangazi kikavu ungeziacha.

#9 Kijana_wa_Arua

Na ule moshi? Niliwahi kusikia moshi wenyewe unaotesha mbegu nikadhani ni ushirikina.

#10 Mwanafunzi_Nyabyeya

Si ushirikina, mkuu. Mwaka 1990 watafiti De Lange na Boucher wa Afrika Kusini walionyesha kwamba moshi peke yake, bila joto, unaamsha mbegu za kichaka kimoja cha kule Rasi (Cape) kiitwacho Audouinia capitata. Mwaka 2004 wanakemia wa Australia wakatenga dutu yenyewe kutoka kwenye moshi wa mimea. Ni kundi linaloitwa karikini, na kiasi kidogo mno kinatosha. Huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo mvua ya kwanza ndiyo inayoishusha hadi kwenye mbegu. Na si mimea ya huko tu: Themeda triandra, nyasi iliyojaa kwenye malisho yetu, nayo huitikia moshi.

Hiyo Themeda ina ujanja mwingine. Mbegu yake ina mkia mrefu mweusi uliojisokota. Okota moja, ilowanishe kwa mate, iweke kiganjani. Utaiona inaanza kujizungusha yenyewe. Shambani, unyevu wa usiku na ukavu wa mchana vinauzungusha mkia huku na huku, na ncha kali ya mbegu inajichimbia udongoni. Moto wa kiangazi ukifika, mbegu imeshajizika sentimita moja au zaidi. Kwa moto wa nyasi, kina hicho kinatosha.

#11 Mfugaji_Kiruhura

Basi mmenipa jibu la kero yangu. Huku Ankole tunachoma ili kuua ile akasia fupi yenye miiba, wataalamu wanaiita hockii, na zile nyasi za mtete zisizoliwa na ng'ombe. Kila tukichoma, mtete unarudi na akasia zinazidi. Kumbe tunazipikia uji wa asubuhi?

#12 Mzee_Kitalu (Masindi)

Umecheka lakini ndivyo. Mambo matatu yanakukuta kwa pamoja, ndugu. La kwanza, joto linaamsha mbegu ngumu zilizolala. La pili, hockii ikiungua juu inatoa machipukizi kutoka chini, na kisiki cha shina moja kinarudi na mashina manne. La tatu, na ndilo kubwa, malisho yako yameliwa sana. Moto unaishi kwa nyasi. Nyasi zikiwa chache moto unakuwa mdogo, haufiki kwenye vichwa vya miche, na mche ukishapita mita mbili tatu kwenda juu umeshautoroka moto. Na ng'ombe wenyewe wanakula matunda ya akasia halafu wanazipanda mbegu pamoja na mbolea.

Ukitaka moto ukusaidie, pumzisha kipande kimoja nyasi zirefuke, uchome, halafu ingiza mbuzi wale machipukizi yakiwa laini. Moto bila mbuzi ni kuzipogoa tu. Mtete nao usiutegemee moto, ng'oa kwa jembe.

#13 Mama_Yaa (Otuke)

Habari zenu ndugu zangu. Nimemsoma mkulima wa Bweyale akitaja yaa nikaona nisipite kimya. Mwambie mkeo ameona vizuri.

Mbegu ya yaa haiweki akiba udongoni. Ikianguka ikakaa wiki chache bila kuota, imekufa. Kwa hiyo usitegemee kwamba baada ya moto zitatoka mpya kutoka ardhini. Zinazotoka ni miche ya zamani iliyokuwa imejificha kwenye nyasi.

Na inajificha kweli. Sisi tulioipanda kwa mikono tunaijua tabia yake. Mbegu ikipasuka, kitu kama mzizi mnene kinatoka na kushuka chini. Unangoja jani, jani halitoki. Ukifukua taratibu utaona kwamba chipukizi limeshushwa pamoja na hicho kikonyo hadi sentimita kadhaa ndani ya udongo, na linaanzia huko kupanda juu, likitokea pembeni ya mbegu. Wageni wanadhani mbegu imeoza wanaitupa. Mti umejizika kwanza kabla ya kujitokeza. Kiangazi cha kwanza moto ukila kijani chote, jicho la kuchipua bado liko chini salama.

Ila mti mkubwa una udhaifu wake: unatoa maua wakati wa kiangazi. Moto mkali wa Januari au Februari unaunguza maua, na mwaka huo usitegemee matunda ya maana hata kama mti wenyewe uko mzima. Kwa hiyo mkulima, usiukate mti kwa sababu hautazaa msimu huu.

#14 Mkulima_Bweyale

Mama asante sana. Mke wangu nimemsomea, sasa nyumba nzima inasikia kwamba "mama wa Otuke amesema."

#15 Kasese_Milimani

Huko chini mna bahati ya nyasi. Februari 2012 moto uliingia kwenye ukanda wa Erica, vile vichaka vya mlimani, hapa Rwenzori, juu ambako watu walikuwa wanaamini hapawezi kuungua kwa ubichi wake. Kule ardhi si udongo wa kawaida, ni zulia la mimea midogo ya kijani (moss) na mboji nene iliyolowa. Ikikauka, yenyewe ndiyo kuni. Moto unaingia ndani na kutambaa taratibu kwenye mizizi, huoni miali. Erica nyingine zinaweza kuchipua kutoka kitako, lakini pale ambapo mboji yenyewe imeungua kisiki hakina pa kushika. Na kwa baridi ile kila kitu kinakua polepole mno.

#16 Mgogo_Dodoma

Naingilia kutoka upande wa pili wa mpaka. Sisi huku kuna njia inaitwa kisiki hai. Hupandi mti. Unatafuta visiki vilivyo hai shambani, unachagua machipukizi mawili matatu yenye afya, mengine unapunguza, unafunga alama ili mtu asiyakate. Mizizi ni ya mti mzima, kwa hiyo yanakimbia kuliko mche wa kitalu. Kwa mtu aliyepitiwa na moto wa nyasi, hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Kulima ni kukata mizizi ambayo moto wenyewe umeshindwa kuiua.

#17 Kijana_wa_Arua

Hiyo sentensi ya mwisho bwana shamba aisome mara mbili.

#18 Mkulima_Bweyale

Nimerudi na majibu ya jembe. Sehemu ya juu: mizizi hai karibu kila shimo, myeupe, na visiki vya miti ya Combretum na Terminalia vimeanza kutoa macho chini ya jivu jeusi. Miche midogo ya akasia iko mingi kwenye ukingo, pale nyasi zinapokutana na malundo. Ndani ya malundo yenyewe nimechimba hadi kifundo cha mkono, mizizi inavunjika kama majani makavu. Na kitu kingine: nikimwaga maji pale, yanasimama juu kwa matone, hayaingii.

Kuna sehemu ya tatu sikuisema. Kona moja imejaa nyasi ya lusenke, na ndiyo imechipua kuliko zote, tena inatoa maua meupe.

#19 Mzee_Kitalu (Masindi)

Kazi nzuri, na shimo la ukingoni ndilo linaloeleza kila kitu. Sasa shamba lako ni mashamba matatu, usilitendee kama moja.

Juu, usilime. Fanya alivyosema ndugu wa Dodoma. Usikimbilie kukata mti unaoonekana umekufa. Kwangua gome kwa kisu, ukikuta ubichi chini yake uache. Mingine inachelewa, ipe msimu mzima wa mvua.

Kwenye malundo hakuna cha kungoja kutoka ardhini, huko ndiko ulime. Maji yanasimama kwa sababu mafuta ya mimea iliyoungua yameganda kwenye chembe za udongo. Vunja tabaka hilo kwa jembe, chota udongo kutoka sehemu yenye uhai pembeni uchanganye, maana huo unaleta mboji, vijidudu na mbegu. Jivu limekuachia potasiamu na kalisi, lakini nitrojeni imekwenda na moshi. Kwa hiyo anza na maharage au njugu, mahindi yaje baadaye. Yeyote aliyewahi kupita penye tanuri la zamani la mkaa anajua pakiachwa panakaa wazi miaka.

Lusenke ndiyo hatari yako. Mashina yake yako chini ya udongo, moto wa nyasi hauyafikii, na ukishaondoa kivuli cha wenzake yanapata shamba zima. Ukipiga jembe mara moja ukaondoka, umeyakata vipande na kila kipande kinachipua. Ama uling'oe na kukusanya mashina yakauke juani, urudie na kurudia, ama uliache chini ya miti ya kivuli liishiwe nguvu. Bwana shamba akipiga trekta kote, lusenke itahamia kila kona.

#20 Mkulima_Bweyale

Mzee, swali la mwisho. Jirani ndiye anayeleta moto kila mwaka na siwezi kumfunga mikono. Nifanyeje kabla ya kiangazi kijacho?

#21 Odong_Nwoya

Nenda naye pamoja kwa LC (baraza la kijiji) mvua zikiwa bado zinanyesha, kabla hamjagombana. Fyekeni mpaka wenu wote wawili hadi udongo uonekane, upana wa kutosha ng'ombe kupita wawili wawili. Kibali mkiombe mapema gombolola (ofisi ya kata). Halafu kiangazi kikianza, chomeni upande wake jioni upepo ukitulia, watu wamesimama na matawi mabichi. Na magogo, tafadhali, yaondoeni kwenye nyasi. Yapelekeni jikoni.

#22 Mfugaji_Kiruhura

Na mimi natafuta mbuzi. Mwenye dume la Mubende la bei ya kibinadamu aniandikie pembeni.